Choo cha Mkwe na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na sisemi zamani ya wafalme na majini, nasema zamani ya juzi hii, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwandulu. Sogeeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana mwisho nitauliza, na nikiuliza nataka jibu.

Pale Mwandulu aliishi mwanamke mmoja, Minza, mke wa Luhende. Minza alizaa mtoto, mtoto akafa kwa kuhara. Akazaa wa pili, masika yakaja, naye akafa kwa kuhara. Akazaa wa tatu, msichana mnene, mashavu kama maandazi. Watu wakauliza, "Anaitwa nani?" Minza akasema, "Hana jina."

"Hana vipi?"

"Jina nililompa wa kwanza limezikwa. Jina nililompa wa pili limezikwa. Huyu akivuka masika, nitampa jina la yule aliyemvusha. Kwa sasa muiteni Mgeni."

Basi akaitwa Mgeni. Msicheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Likizo ikafika, wakaja vijana watatu wa chuo, wamejitolea kusaidia mambo ya maji na vyoo. Wakapokelewa nyumbani kwa Mzee Nkwabi, baba yake Luhende, yaani baba mkwe wa Minza, ila kulala na kujisaidia walikwenda shuleni. Mzee mkali huyo! Akikohoa, hata mbwa anakaa vizuri. Minza akawapikia vijana wale, wakambeba mtoto wake, wakamharibu kwa kumdekeza. Ilikuwa mapenzi tu.

Wa kwanza aliitwa Shafii, kijana wa Tanga, anayejua maji. Akaenda kwenye chemchemi, akakuta ng'ombe wanakunywa, watoto wanaoga, kina mama wanachota, wote palepale. Akasema, "La hasha!" Akachimba, akapanga mawe, akajenga ukuta wa saruji, akatoa bomba. Maji yakatoka meupe pe. Wanawake wakapiga vigelegele. Shafii akamrusha Mgeni juu akamdaka, akasema, "Wewe unaitwa Shafii, taka usitake!"

"Na wewe unataka kuniulia mtoto kwa kumrusha," akasema Minza, anacheka.

Wa pili aliitwa Elineema, binti wa Upare, mfupi, mdomo na mikono vyote vina kasi. Akasema, "Maji safi peke yake hayatoshi, kama bado mnakwenda vichakani." Akajenga choo pale kwa Mzee Nkwabi. Choo gani! Kina paa, kina mlango, nje kibuyu chirizi cha kunawia na sabuni imening'inia kwenye kamba. Watu wakaja kukitazama. Mzee Nkwabi mwenyewe akakizunguka, akasema, "Choo kizuri sana, mwanangu." Elineema akalala na furaha.

Wa tatu aliitwa Ndimbo, wa Songea. Huyo, sasa, sijui niseme alifanya nini. Jembe alilishika akaliweka. Kutwa anapiga soga na kina mama, anamenya nao viazi, anabeba ndoo kichwani huku wanaume wanamzomea. Shafii akimwambia, "Njoo ubebe mawe," anajibu, "Naja, naja." Mpaka leo hajaja.

Masika yakaingia. Na Mgeni akaanza kuhara.

Asubuhi anatambaa, jioni hawezi hata kulia. Macho yameingia ndani. Minza hakupiga kelele. Alimfunga mgongoni, akatoka na mvua ile, na wale vijana watatu nyuma yake, mpaka zahanati. Mtoto akapewa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, uhai ukamrudia. Muuguzi akawatazama, akasema, "Safari hii amepona. Lakini hapo kwenu kuna nini?"

Wakarudi wanaulizana. Shafii akakimbilia chemchemi: bomba zima, maji safi. Elineema akakimbilia chooni. Akafungua mlango. Kuku amelalia mayai! Buibui amejenga nyumba yake pale pembeni, sabuni haijaguswa na mtu. Loo! Choo kizuri sana, mwanangu, na hakuna aliyeingia. Watu wote wa nyumba ile bado walikuwa wanakwenda kichakani nyuma ya jiko, mvua inasomba kile kinyesi hadi uani, na uani ndipo Mgeni anapotambaa na kutia vidole mdomoni.

Elineema akakaa chini akalia. "Hawa watu wanataka nini jamani?"

Ndimbo akasema, "Kwani uliwauliza?"

Maana yeye alishauliza, njiani wakitoka zahanati, yeye na Minza wamebaki nyuma kidogo. Minza alijifunika uso kwa khanga. "Shemeji, choo ni kimoja. Mimi niingie, nikitoka nimkute baba mkwe amesimama nje na kopo lake? Au yeye akohoe ndani na mimi niko mlangoni? Bora nife!" Kumbe ndiyo mila ya pale: mkwe na mkamwana hawachangii choo. Naye mzee, kwa kumwonea haya mkamwana wake, hakuingia vilevile. Kila mmoja anamwachia mwenzake, na kuku wanataga.

Sasa nani atamwambia Mzee Nkwabi? Minza hawezi. Luhende, mwanawe, hathubutu. Lakini kabila la Ndimbo na kabila la Mzee Nkwabi ni watani, na mtani hashikwi ulimi. Wanaume wamekaa wanakula, Ndimbo akasema kwa sauti, "Wewe mzee, hata aibu huna! Umekalia choo huingii, mkamwana wako anakimbizana na fisi vichakani. Mjukuu wako angekufa kwa heshima zenu, mngemzika kwa heshima pia?"

Tonge la Luhende likaanguka.

Mzee Nkwabi akamtazama. Akamtazama tena. Halafu akacheka, akacheka mpaka machozi, na mengine nadhani hayakuwa ya kicheko. "Mtani hana adabu," akasema. Kulipokucha akachukua sururu, akaenda ng'ambo ya zizi, akachimba shimo la pili kwenye mwamba, peke yake. Vijana wakitaka kumsaidia anawafukuza. Viganja vikachubuka, akaendelea. Choo cha Elineema akawaachia wanawake. Majirani walipoona mzee yule mkali anachimba choo, nao wakachimba.

Mvua zikanyesha mpaka zikachoka. Mgeni hakuhara tena. Akasimama, akatembea.

Siku ya vijana kuondoka, lori limekuja, Minza akatoka na mtoto. "Masika yamekwisha. Nataka jina."

Shafii akasema, "Ni langu. Bila maji yangu, angekuwa anakunywa mkojo wa ng'ombe."

Elineema akasema, "Alikunywa maji yako na akaugua. Ni langu mimi. Bila choo changu wangeingia wapi?"

Ndimbo akasema, "Waliingia kuku. Ni langu mimi niliyesema."

"Wewe umefanya kazi ya mdomo tu!" wakamrukia wote wawili. Elineema akaongeza, "Na mtoto ni wa kike."

"Kwetu jina halina kanzu wala gauni," akasema Minza. "Endeleeni."

Ndipo mtu akakohoa nyuma yao. Mzee Nkwabi. Akanyoosha viganja vyake vyenye makovu. Akasema taratibu, "Mimi nilitukanwa mbele ya mwanangu, nikacheka. Nimechimba mwamba na uzee huu. Sidai. Naonyesha tu."

Na Minza akaanza kulia, kwa sababu pale kwao mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, hata kwa kuota. Akimpa mtoto jina la mzee, atamlea, atamwoza, na hatamwita kwa jina lake hata siku moja. Akimnyima, mzee atakunja viganja vyake aende zake, na hatasema neno.

Lori likapiga honi. Mtoto akawa anawatazama wote, mmoja mmoja, anangoja aitwe.

Haya, msiniangalie mimi. Shafii wa maji, Elineema wa choo, Ndimbo wa ulimi, au mzee wa viganja: nani alistahili? Na wewe, mama uliyezika wawili, ungemwita nani?