Walioiachia Kamba

Mtu mmoja alikuwa na kamba. Jina lake Semkiwa, na kamba hiyo aliisokota mwenyewe kwa katani nyeupe, hatua arobaini kutoka ncha hadi ncha, nene kama kifundo cha mkono. Kila mwaka alisokota mpya. Chama cha Wavuta Kamba cha nchi nzima kilimpa kazi hiyo kama kilivyompa baba yake kabla yake, na desturi ilikuwa kwamba msokotaji aibebe kamba begani mpaka katikati ya uwanja, ailaze chini kwa mikono yake, ndipo mwamuzi apulize firimbi. Asipoilaza, hakuna mchezo.

Na mchezo wenyewe, jamani! Nchi ile ilikuwa na mpira, ilikuwa na ngumi, ilikuwa na mbio za baiskeli. Lakini siku ya kuvuta kamba hata soko lilifungwa. Wanane huku, wanane kule, kitambaa chekundu katikati. Ngoma zinalia, akina mama wanapiga vigelegele, wanaume wazima wanakaukiwa na sauti kwa kupiga kelele, "Vuta! Vuta!" Semkiwa alikuwa mtu mpole, asiyegombana hata na kuku wa jirani wanaomparuria bustani. Lakini kamba ikishakazwa, alirukaruka kando ya uwanja kama aliyekanyaga makaa, na kofia yake hajui imeangukia wapi.

Siku hizo alitokea mvutaji aitwaye Mdoe. Watu walimwita Kisiki, kwa kuwa alivuta mwisho wa mstari, kamba imemzunguka mgongoni, na akishachimbia visigino ardhini hakuna wa kumng'oa. Nchi za jirani zilikuja, zikavutwa, zikarudi makwao kimya. Picha yake ilibandikwa katika kila kibanda cha kinyozi. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakaitwa Mdoe, na wawili kati yao walikuwa wasichana.

Lakini Kisiki alikuwa na tabia mbaya, wala haikuanza siku moja. Kule milimani alimkanyaga vidole mtu aliyekwisha kuanguka. Kule ziwani alimpiga mwamuzi kichwa, akamtoa damu puani. Kule bandarini, timu yake ilipozidiwa, aliwaamuru wenzake waiachie kamba ghafla, na wapinzani wakaporomoka chali wote wanane. Mmoja akapoteza meno. Kila mara waamuzi walikiandikia Chama barua. Kila mara Chama kilijibu kwamba damu ilikuwa imechemka, ni ujana tu, utapita. Semkiwa alikuwapo bandarini. Aliyaona meno yale yakiokotwa mchangani. Akaikunja kamba yake, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe kwamba Kisiki alivuta vizuri sana.

Mwaka wa nne ikaja fainali ya majimbo. Bara walikuwa na Kisiki. Pwani walikuwa na mwashi mmoja jina lake Hiza, mtu mfupi, mpana, mwenye mikono iliyokomazwa na matofali, naye pia alivuta mwisho wa mstari. Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Waliokosa nafasi walipanda juu ya mapaa.

Mvuto wa kwanza Bara wakashinda. Wa pili, Hiza akachimbia miguu, na kwa mara ya kwanza watu wakaona visigino vya Kisiki vikichora mifereji miwili ardhini. Anavutwa! Kisiki anavutwa! Kelele zilizopigwa pale zilifukuza njiwa mjini. Semkiwa alikuwa ameshikana mikono na mtu asiyemjua, wote wawili wanaruka. Ndipo Kisiki akapaza sauti neno moja: "Achia!" Mikono kumi na sita ikafunguka kwa pamoja. Watu wa Pwani wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na Hiza, aliyekuwa nyuma ya wote na kamba imemzunguka mwilini, akatupwa juu ya ukingo wa saruji uliozunguka uwanja. Nyonga yake ikavunjika.

Kwa sheria mvuto ule ulikuwa wa Pwani. Lakini wa tatu Pwani waliuvuta wakiwa watu saba, na Bara wakashinda, na Mwenyekiti wa Chama, Bwana Kitojo, akashuka jukwaani akamvisha Kisiki taji la maua. Watu wakashangilia. Semkiwa naye akashangilia; mazoea yana nguvu. Kisha akaenda kukunja kamba yake, na kiganja chake kikashika mahali palipolowa damu. Akaacha kushangilia.

Wiki iliyofuata Chama kilitoa tangazo. Lilisema ajali ile ilisababishwa na kamba kuteleza mikononi mwa wachezaji, na kwamba msokotaji ameonywa.

Semkiwa alilisoma tangazo hilo mara tatu, amesimama mlangoni. Miaka ishirini na sita kamba zake hazijawahi kuteleza. Alivaa shati lake la kwendea msikitini akaenda ofisini kwa Chama. Bwana Kitojo alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai.

"Bwana Semkiwa," alisema, "Chama hakivuti kamba. Chama kinaandaa tu. Mchezaji akikosa, hilo ni lake na nafsi yake. Tukimgusa Kisiki sasa, mwezi wa saba majirani wanakuja, nani atavuta? Wewe nyamaza. Kamba iliteleza, basi. Mwakani utasokota tena kama kawaida."

Semkiwa alikunywa chai, akashukuru, akatoka. Karani wa Chama, mama mmoja aitwaye Nambua, alimsindikiza mpaka ngazini. Alitazama nyuma kwanza. "Barua zipo, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Tatu. Mimi ndiye niliyezipokea." Kisha akarudi ndani.

Kutoka hapo Semkiwa alikwenda kwa Hiza. Alimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Waganga wa hospitali walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba atatembea, ila jengo hatapanda tena. Semkiwa aliketi, na Hiza ndiye aliyeanza kusema. "Kamba yako haikuteleza, kaka. Nilikuwa namtazama. Nilimwona anafungua vidole."

Hapo Semkiwa akalia. Hiza akadhani mgeni wake analilia nyonga iliyovunjika. Yeye alikuwa analilia meno yaliyookotwa mchangani, na maneno aliyomwambia mkewe siku ile.

Mwezi wa saba majirani wakaja. Lo, siku ile! Mabasi yalipanga foleni tangu mtoni. Bendera za nchi mbili, tarumbeta, wauza miwa, watu wamejipaka rangi nyuso. Kisiki alipoingia uwanjani ardhi ilitikisika. Kisha wakamwona Semkiwa akija na kamba begani, wakampigia makofi kama kila mwaka. Akafika katikati, akasimama. Hakuilaza.

Watu wakangoja. Mwamuzi akamtazama. Makofi yakafifia, yakazuka miluzi, kisha uwanja mzima ukaanza: "Laza! Laza! Laza!" Semkiwa hajawahi kutazamwa na watu wengi hivyo, wala kuchukiwa na hata mmoja. Kamba ile aliyoizoea ilikuwa nzito begani kama gogo bichi. Lakini akasimama.

Bwana Kitojo alishuka mbio, kipaza sauti mkononi, uso umejaa tabasamu kwa ajili ya wageni. Akamsogelea, akamnong'oneza kwa ukali, "Ilaze, mzee, unatuaibisha!" akisahau kwamba kipaza sauti kimewashwa. Uwanja wote ukasikia. Na uwanja wote ukasikia jibu.

"Kisiki aliiachia kamba siku mbili," alisema Semkiwa. "Ninyi mmeiachia miaka minne. Na mimi niliwaona, nikanyamaza. Zisomwe barua za waamuzi mbele ya watu, nami nitailaza."

Bwana Kitojo akacheka kidogo, akasema hakuna barua yoyote, mzee huyu amechanganyikiwa na jua. Akageuka kuwaita walinzi. Ndipo kule kwenye meza ya Chama mwanamke akasimama. Alikuwa Nambua. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi tatu, akaziinua juu mpaka hata waliokuwa mbali wakaziona zikipepea.

Sijui ni nani aliyeanza. Wengine wanasema ni watu wa milimani, wengine wanasema ni yule mwamuzi wa ziwani aliyekuwa ameketi na wanawe. Neno lilianza kwenye pembe moja, likazunguka uwanja, likarudi likiwa limekuwa ngurumo: "Soma! Soma! Soma!" Ngoma zikalidaka. Tarumbeta zikalidaka. Hata majirani, ambao hawakujua nini kinasomwa, wakapiga makofi kwa mdundo huo. Walinzi waliokuwa wanamwendea Semkiwa wakapunguza mwendo, kisha wakasimama, na mmoja wao akaanza kusogeza midomo.

Nambua akasoma. Ya milimani. Ya ziwani. Ya bandarini. Chini ya kila moja palikuwa na muhuri wa Chama na neno moja kwa mkono wa Mwenyekiti: Hifadhi.

Sasa macho yakamgeukia Kisiki. Alikuja katikati kwa hatua ndefu, na watu wakashika vinywa, wakijua anakwenda kumpasua msokotaji. Semkiwa naye alijua hivyo, akafumba macho. Lakini Kisiki alimpita. Akasimama mbele ya Bwana Kitojo, na jitu lile lililozivuta nchi za watu likawa halijui mikono yake liiweke wapi.

"Siku ile ya milimani nilikaa nyumbani wiki nzima," akasema. "Nilijua mtanifukuza. Nilikwisha kumuaga mama. Mkaniletea viatu vipya."

Akavua fulana ya taifa, akaikunja vizuri, akaiweka miguuni pa Mwenyekiti, akatoka uwanjani kifua wazi. Hakuna aliyemzomea wala aliyemshangilia.

Bwana Kitojo alibaki na fulana ile mbele yake na watu elfu kadhaa wakimtazama. Alitazama wageni, akatazama karatasi mikononi mwa karani wake. Mwishowe, kwa sauti ambayo bila kipaza sauti isingefika hata kwa mwamuzi, akasema: "Tulijua." Akang'oa beji ya Chama kifuani. Wenzake wote wa Chama waliteremka jukwaani mmoja mmoja, na jioni ile ile wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Hiza, wakasimama uani kwake, wakalirudia neno hilo moja mbele ya mkewe na wanawe. Tangazo la kamba iliyoteleza likafutwa. Kisiki alifungiwa miaka miwili, na wanaosimulia wanasema hakukata rufaa. Chama kipya kilichochaguliwa kiliandika katika sheria zake kwamba mchezaji akikosa, Chama kitaulizwa kwanza kilikuwa wapi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, baada ya neno la Mwenyekiti, Semkiwa alipiga magoti, akaishusha kamba, akainyoosha hatua kwa hatua mpaka ncha ya pili. Mwamuzi akapuliza firimbi. Na mchezo ulivutwa! Wale wavulana wa taifa, bila kisiki chao, walivuta kama watu waliofunguliwa pingu. Wakapoteza wa kwanza. Wakashinda wa pili, na mapaa ya nyumba nusura yaporomoke. Wa tatu ulichukua muda ambao maji ya chai yangechemka. Kitambaa chekundu kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, mpaka majirani wakakichukua kwa upana wa kiganja.

Walishindwa. Na watu walicheza ngoma mpaka mjini, wamechanganyika na wageni wao, wakisema hawajapata kuona mvuto kama ule. Semkiwa alipoteza kofia na sauti. Mkewe alipomuuliza kulikwendaje, alimsimulia kwa mikono, tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii hakuruka kitu.

Basi ninyi mlioketi hapa, wengine ni wazazi, wengine ni viongozi, wengine mnapiga makofi tu, nawauliza: kati ya aliyefungua vidole na waliomvisha taji, ni nani aliyemvunja Hiza?