Sidai ya Semboja

Alikuwepo mkulima mmoja pembezoni mwa nyika, jina lake Semboja, mwenye shamba la mahindi, matuta machache ya tumbaku, mke asiyedanganyika, na zizi ambalo halijawahi kuona ng'ombe. Zizi hilo alilijenga mwaka aliooa, akaliacha lingoje. Kwa miaka ishirini na mitatu kuku walilala humo kama wapangaji wasiomwogopa mwenye nyumba.

Ukame ulipoingia, mfugaji mmoja wa Kimaasai aitwaye Lemburis alipita hapo akihamisha mifugo kufuata majani ya mbali. Mtamba wake mmoja, mwenye mimba changa, alikuwa amepasuka kwato na safari imemshinda. Kwa Kiswahili chake cha kuunga-unga akamwomba Semboja amtunzie: maziwa yakipatikana wanywe, mvua ikirudi na yeye atarudi. Semboja akakubali mbele ya mkewe. Wakapeana mikono. Karatasi haikuandikwa, maana wote wawili wangeishika juu chini.

Semboja alimtunza mtamba yule, hilo tusimnyime. Alimwosha kwato kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Alimkatia majani mpaka ng'ambo ya mto. Ng'ombe akapona, akazaa ndama jike, akanona. Msidhani naongeza chumvi: alinona mpaka kivuli chake kikawa na mafuta. Maziwa yakaingia nyumbani, watoto wakanawiri, na Semboja mwenyewe akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama watembeavyo watu wenye mifugo. Akaanza pia kusema "ng'ombe wangu". Mwanzo alisema kwa sauti ya chini, zizini tu. Baadaye akasema shambani. Mwishowe akasema barazani kwenye kahawa, na hapakuwa na aliyemkatalia.

Kisha mvua ikanyesha. Kijiji kizima kikafurahi isipokuwa mtu mmoja.

Jumatano Lemburis akatokea. Akasimama zizini, akamtazama ng'ombe kuanzia pembe hadi mkia. Akainama, akaishika ile kwato. Akacheka kwa meno yote, akasema, "Sidai! Sidai oleng!"

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye shimo. Mimi niliishia darasa la sita, tena hilo la sita nililikaa mara mbili, lakini lugha tisa nazisikia, na katika saba kati ya hizo naweza kuomba maji na kukataa kazi. Basi nisikilizeni. Kimaasai na Kiswahili havikuzaliwa tumbo moja, havikunyonya titi moja, wala hata harusini havikualikana. Lakini kila kimoja njiani kwake kiliokota neno lenye sura ileile, kama mapacha wa mama wawili. Kwa Mmaasai, sidai ni nzuri, haina kasoro, na oleng ni sana. Kwa Mswahili, hakuna asiyejua: anayesema sidai ameachilia haki yake. Mdomo ni mmoja, sauti ni moja. Upande huu ni sifa, upande ule ni msamaha.

Semboja akalipokea kwa upande uliomnenepesha. Lemburis akaongeza, tena kwa Kiswahili kitupu, "Jumamosi nakuja na wanangu." Kisha akaenda zake. Na ajabu ya Semboja ndiyo hii: Kimaasai alikielewa, Kiswahili kikampita.

Akaingia jikoni anaimba.

"Mama Mbwana, Mmaasai kasamehe! Kasema mwenyewe, sidai. Tena kasema mara mbili!"

"Kakwambia kwa Kiswahili?" akauliza mkewe, Mwanahawa.

"Sasa 'sidai' ni Kichina?"

Mwanahawa akageuza ugali wake.

Na Semboja alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mwanawe mkubwa, Mbwana, alikuwa amemposa binti wa Mzee Ngoda wa kijiji cha pili. Ngoda alitaka mahari ya ng'ombe mmoja, mwenye miguu minne, si ahadi ya ng'ombe. Kijana alikuwa amengoja miaka miwili, na mchumba alikwishaanza kuuliziwa na wengine. Siku ileile Semboja akatuma ujumbe: Mkwe, njoo Jumamosi, ng'ombe yupo.

Jumamosi wakafika wote. Ngoda alikuja na kamba mpya na wazee watatu. Lemburis alikuja na fimbo na wanawe wawili. Wakakutana mlangoni pa zizi. Huyu akashika pembe ya kulia, yule akashika ya kushoto, wakasalimiana vizuri kabisa, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kuja kumsaidia kumtoa ng'ombe wake. Walipoelewana, Ngoda aliachia pembe kama iliyomuunguza.

"Mkwe," akamwambia Semboja, "umeniita nije kuchukua ng'ombe wa watu? Mimi nikamuoze mwanangu kwa mali ya kuvizia? Kama ndivyo, binti anabaki kwangu."

Mbwana alikuwa amevaa kanzu mpya. Akakaa chini nayo, palepale penye samadi.

Semboja akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, ili haki ionekane. "Lemburis! Mbele ya wazee hawa, Jumatano ulisema au hukusema: sidai?"

"Nilisema," akajibu Lemburis. "Na leo nasema. Sidai oleng!"

Wazee wakapiga makofi, wakiona kesi imekwisha. Lemburis naye akapiga makofi, akiona ng'ombe wake anashangiliwa.

Hapo Mwanahawa akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Mbwana," akasema, "Jumanne mnadani ulishinda ukiwaita Wamaasai, 'Njooni, ugoro sidai! Ugoro sidai!' Nani aliondoka nao bure?"

Mzee mmoja akajaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani, na uwanja mzima ukalipuka. Ilibidi Lemburis afafanuliwe na wanawe, ambao Kiswahili walikisomea shuleni. Alipoelewa, alicheka mpaka akaiegemea fimbo. Akajifuta machozi. Kisha akamtazama Semboja pale juu ya kinu, naye akasema, bila haraka:

"Kwa Kimaasai, ng'ombe huyu sidai. Kwa Kiswahili, namdai."

Semboja akashuka. Hakuna aliyemwambia la kufanya, na hilo tumhesabie. Aliondoa miti ya mlangoni mwenyewe, akamtoa ng'ombe. Akamwinulia Lemburis ile kwato, akamwonyesha mahali pa kukwangua udongo wakati wa masika, ili ufa usirudi. Alipofika katikati ya maelezo akaacha maneno, akamaliza kwa kidole. Ndama akaja akamlamba goti.

Lemburis aliyaona hayo. Akasema ndama bado ananyonya, hawezi kuachana na mama yake. Lakini akiachishwa atarudi hapa, awe wa mtu aliyemwona akizaliwa.

Semboja hakurukaruka. Aliuliza kama ndivyo alivyosema. Akauliza tena kwa mikono. Mara ya tatu akachora chini kwa kijiti: ng'ombe mkubwa akienda, mdogo akirudi. Lemburis akatikisa kichwa kukubali mara zote tatu. Ngoda, aliyekuwa ameshaikunja kamba yake, akapata muda wa kumtazama Mbwana na kanzu yake, akasema kwamba mtu anayeuliza mara tatu anaweza kungojewa.

Mwaka uliofuata, maneno ya Lemburis yakaja na miguu minne. Semboja hakumlaza ndama yule hata siku mbili zizini. Alimswaga mwenyewe hadi kwa Mzee Ngoda, Mbwana akifuata nyuma. Ngoda akatoka, akamzunguka ndama, akampapasa mgongo, akamfunua midomo akatazama meno. Uso ukamchanua.

"Sidai," akasema.

Semboja akavua kofia.

"Kwa lugha gani, mkwe wangu?"

"Zote mbili," akasema Mzee Ngoda, na akaita wanawake wabandike wali.

Nanyi mnaonisikiliza, msimcheke Semboja mkamaliza kicheko chote, mbaki nacho kidogo cha kujichekea. Kila mmoja wenu ana kitu alichoachiwa akitunze: afya, watoto, cheo, mume asiyekoroma. Mwenyewe hupita akakitazama, akafurahi, akakisifu. Je, siku aliyosimama kwenye zizi lako akitabasamu, ulimsikia akisifu, au ulimsikia akisamehe?