Santuri Iliyotolewa Motoni Molo

Hapo zamani, siku ambazo muziki ulikuwa kitu cheusi cha duara kinachozungushwa chini ya sindano, palikuwa na kinyozi mjini Molo, kule juu kwenye baridi, pareto na viazi. Jina lake Meshaki Gichuhi. Alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, kioo chenye ufa, na santuri arobaini na moja alizonunua mnadani kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akihama. Zote zilikuwa za magitaa: roki, kantri ile ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na zile zilizochanganya roki na kantri.

Lakini mali yake hasa ilikuwa maoni. Alinyoa akitoa maoni, akatoa maoni akinyoa. Na mtu aliyewekewa wembe shingoni habishani sana.

Palikuwa na albamu moja iliyopendwa na mji mzima. Jaladani palichorwa farasi wanne, kwa hiyo watu waliiita Farasi. Gichuhi akasema, "Farasi ina wimbo mmoja tu. Wa pili ni pacha wa ule wa kwanza, wa tatu ni binamu yao. Upande wa pili umewekwa ili sindano isikae bure."

Palikuwa na nyingine ya roki, ambayo mpiga ngoma alipiga peke yake dakika kumi na moja. Wateja waliisikiliza wameinamisha vichwa kama wako ibadani. Gichuhi akasema, "Huyu amepoteza kitu ndani ya ngoma, anakitafuta. Akikipata, mniite."

Na palikuwa na moja ambayo hakuna aliyeitaka ila yeye. Jaladani palikuwa na kituo cha petroli kilichofungwa, basi ikaitwa Kituo. Walioipiga walikuwa watu wa roki, wa kelele hasa. Siku moja wakaleta fidla na gitaa la kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi, wakaanza kuimba habari za mashamba yaliyouzwa. Wapenzi wa roki wakasema, "Wamegeuka washamba." Wapenzi wa kantri wakasema, "Hizi ni kelele zilizovaa kofia." Gichuhi akasema, "Hawa ni watu waliokataa kupangiwa upande wa kukaa. Hakuna albamu inayoishinda hii. Molo nzima ikikataa, basi Molo nzima imekosea."

Aliyembishia zaidi ya wote alikuwa Sigei, dereva wa lori la maziwa, mtu wa Farasi damu damu. Kila asubuhi akimaliza kushusha mitungi alisimama mlangoni.

"Kinyozi, ile takataka yako bado unaipiga?"

"Naipiga. Na wale farasi wako bado wanazunguka palepale?"

Miaka tisa walibishana hivyo, na miaka tisa walikunywa chai pamoja.

Mwaka wa kumi, masikio ya Gichuhi yakaanza kuziba. Akapelekwa hospitali Nakuru, akalazwa wiki tatu. Ufunguo wa kibanda cha kunyolea akamwachia dada yake, Nyaguthii, kiongozi wa kina mama kanisani, ambaye katika zile santuri arobaini na moja hakupenda hata moja.

Wiki hizohizo akafika mhubiri mgeni, akapiga hema uwanjani. Akasema, "Magitaa haya ni mlango wa shetani. Leteni yote yachomwe." Kituo aliitaja waziwazi, kwa maana watu walikuwa wamemwambia kuwa Gichuhi huipiga Jumapili saa za ibada, mlango wazi. Wanaume kumi na wawili wakaenda kwa kinyozi. Nyaguthii akasimama mlangoni akasema, "Mwenyewe hayupo. Mngojeni mwenyewe." Wakamsukuma kando. Wakabeba zote.

Moto ukawashwa mchana kweupe. Santuri haziungui kama kuni; hujikunja, hububujika, hunuka. Watu walikuwa wakiimba walipoliona lori la maziwa likisimama katikati ya uwanja, na Sigei akiruka chini bila hata kuzima injini.

Farasi na Kituo zilikuwa zimelala pembeni mwa moto, zimekaribiana, na ndimi zilikuwa zimeanza kulamba majalada. Kulikuwa na nafasi ya kuingiza mkono mara moja. Sigei akaingiza mkono. Akatoa Kituo. Farasi, albamu aliyoipenda kama mkewe, ikabaki kujikunja mbele ya macho yake.

Mtu mmoja akampigia kelele, "Sigei, si unaichukia hiyo?"

"Naichukia! Ni mbaya! Lakini albamu mbaya hushindwa kwa mdomo, haishindwi kwa kiberiti!"

Akarudi kwenye lori, mkono wa kulia umebabuka ngozi, akaendesha kwa mkono wa kushoto mpaka kwa Nyaguthii. Akaitupa santuri mlangoni, akaenda zake zahanati.

Nyaguthii akaisikia miguu ya watu njiani. Akalichanachana jalada lililoungua, akalitia mekoni. Santuri akailaza mezani, akaifunika kwa kitambaa, juu yake akapanga birika na vikombe. Wale wanaume walipoingia akawakaribisha chai. Wakanywa chai juu ya Kituo.

Walipomaliza, mmoja akaweka Biblia palepale mezani. "Mama Nyaguthii, wewe ni kiongozi wetu. Tuapie kwamba haiko humu."

Mwanamke huyu hakuwahi kusema uongo hata wa bei ya kuku. Akaweka mkono juu ya Biblia. Akaapa. Wakatoka. Akakaa pale mpaka chai ikapoa, na tangu siku ile hakusimama tena mbele ya kina mama. Aliacha uongozi mwenyewe, bila kuulizwa na mtu.

Lakini mhubiri hakuridhika. Jumapili akasimama kanisani akasema, "Ile sahani imefichwa. Leo hatushiriki meza ya Bwana. Mkitoka hapa mtapekua mji huu nyumba kwa nyumba." Na watu wakaanza kuinuka.

Ndipo aliposimama Perisi Chelagat, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya. Hakuomba ruhusa. Akaimba.

Aliimba wimbo wa mwisho wa Kituo, kwa maneno ya Kiswahili aliyoyatia mwenyewe: mtu anapita nje ya ua wa shamba lililouzwa, na ndani ya shamba limo kaburi la mama yake, na mlinzi hamruhusu kuingia. Mle kanisani walikuwamo wazee waliofukuzwa kwenye ardhi mara mbili, mara tatu. Mmoja akaketi tena. Halafu benchi zima likaketi.

Perisi alipomaliza akasema, "Huo ndio wimbo mnaoutafuta. Nimeusikiliza miaka minne nikiwa nimesimama nje ya kibanda cha kinyozi, na naupenda. Sasa nipekueni mimi."

Akavuliwa joho la kwaya mbele ya watu wote, na jina lake likafutwa kwenye orodha. Lakini hakuna aliyekwenda kupekua nyumba. Kufikia Jumatano hema lilikuwa limeng'olewa.

Gichuhi akarudi kutoka Nakuru kiziwi kabisa. Akaelezwa yote kwa maandishi. Hakulia. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa bei nje ya kibanda chake: SANTURI AROBAINI ZIMEUNGUA. MAONI YANGU HAYAKUUNGUA.

Kisha akawaita wale watatu. Kituo ilikuwa juu ya kiti cha kunyolea, haina jalada.

"Mimi siisikii tena," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Na santuri isiyopigwa ni sahani tu. Sigei anahamia Kitale. Mwalimu amepata shule Kericho. Haiwezi kuzungushwa nyumba tatu. Nitampa mmoja. Semeni, Mwalimu ataniandikia."

Sigei akauinua mkono wake, vidole viwili vimegandamana. "Kinyozi, nilikuwa na mkono mmoja na albamu mbili. Yangu nikaiacha iungue. Leo sina Farasi. Niachie Kituo angalau, niendelee kuitukana."

Nyaguthii akasema, "Kaka, Sigei alitoa ngozi, na ngozi imeota tena. Mimi nilitoa kiapo, na kiapo hakioti. Sikuipenda, siipendi. Lakini nitabaki hapa Molo, na nitaipiga kila Jumapili mlango wazi, wale walionisukuma wasikie."

Perisi aliandika maneno ya wenzake neno kwa neno, hakupunguza. Akaandika na yake, huku akiyasoma kwa sauti. "Mzee Gichuhi, hawa wawili waliiokoa kwa ajili yako. Mimi niliitetea kwa ajili yake yenyewe. Kati yetu watatu, ni mimi peke yangu ninayeipenda. Utampa mtu kitu asichokipenda?"

"Kupenda ni rahisi," Sigei akafoka. "Ungeipenda wapi, kama isingetoka motoni?"

"Na ingetoka motoni iende wapi," Nyaguthii akasema, "kama nisingeapa?"

"Na kiapo chako kingedumu siku ngapi," Perisi akauliza, "watu wakiingia na kuinua kitambaa cha meza?"

Gichuhi akaisoma karatasi mpaka mwisho. Akairudia. Akaichukua santuri kwenye kiti, akaishika kwa kingo kama ishikwavyo, akawatazama mmoja mmoja.

Nanyi mlioketi hapa, msiniambie wagawane, na msiniambie wote ni sawa. Gichuhi hakuwahi kutoa maoni ya namna hiyo maisha yake yote. Ameishika santuri, na yeye hasikii. Nyinyi mmesikia.

Je, nani alistahili?