Neno Moja la Jumbe Mwinyikai

Tegeni masikio, leo nawapa kesi mnihukumie. Mji wa Kimbugwe ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Somoe alijua kutoa katika kongosho la mbuzi ile dawa isagayo chakula, ambayo wataalamu huiita kimeng'enya. Hidaya alijua kupika ute wa mwani, akaugandisha punje punje kama ulezi. Shamte hakuamini jambo lolote mpaka alipime, hata salamu yako.

Jumbe Mwinyikai akaugua. Alichokula kilitoka kama kilivyoingia, akabaki mifupa na ngozi. Akaapa, "Atakayeniponya ataomba neno moja, nami nitalitenda."

Somoe alicheka, kisha akalia kwa hasira. Ugonjwa huohuo ulikuwa umemuua mtoto wa Jumbe zamani. Mama yake Somoe alimtibu mtoto yule kwa dawa ya kongosho, haikufaa, Jumbe akamwita mchawi na kumfukuza peku kwenye jua kali. Alifia njiani. Miaka kumi Somoe aliilea chuki ile, na sasa ilikuwa imekomaa.

"Dawa ya mama ilikuwa sahihi," alimwambia Hidaya. "Ukali wa tumbo uliiua kabla haijafika utumboni."

"Basi tuivishe nguo, shoga yangu," akasema Hidaya, akaifungia ndani ya punje za mwani.

Jumbe akazimeza. Zikatoka nzima!

"Mmeivisha nguo isiyovulika," akasema Shamte. Siku ishirini alizitosa punje kwenye maji ya ndimu, makali kama tumbo, kisha kwenye maji ya magadi, mfano wa utumbo. Alipunguza ute, akauongeza, hadi akapata punje inayostahimili ndimu na kuyeyuka kwenye magadi.

Jumbe akapona, akatoa kitambi. "Nani kaniponya? Aombe."

"Mimi," akasema Shamte. "Bila vipimo vyangu, dawa ingeishia chooni. Wafungulie watu chemchemi uliyoifunga."

"Ni mimi," akasema Hidaya. "Bila ganda langu, dawa ingekufa tumboni. Mtoe kaka yangu gerezani."

Somoe hakupiga goti. "Bila dawa yangu, ganda lao ni tupu. Nataka utoke mjini sasa hivi, Jumbe, peku, bila maji, kwa njia ileile ya mama."

Jumbe akaitazama miguu yake.

"Dada Somoe," Shamte akamnong'oneza, "wahurumie wenye kiu."

"Mama naye alikuwa na kiu."

Haya, mahakimu wangu. Msiniambie wagawane, maana neno ni moja na Jumbe anangoja. Je, mngempa nani?