Hondohondo na Mwewe Mwenye Nguo Nyingi

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, hiyo pakawa gani? Hiyo pakawa ya watu walioshiba. Nyie wa kule nyuma, temeni hayo mnayotafuna. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, enzi ambazo ndege wote walikuwa majirani na kila jirani alikuwa na maneno yake, palikuwa na Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa na vifaranga wengi, na vifaranga wa kanga hawajui kutulia. Huyu yuko kule, yule yuko huku, chii chii chii, wametapakaa bondeni. Bi Kanga na dada zake walikula mbegu chini, na anayekula mbegu chini hawezi kutazama juu. Na juu ndiko alikokuwa Mwewe.

Mnamjua Mwewe, sina haja ya kumsifia. Anapenda watoto, lakini si kwa kuwabeba mgongoni.

Basi kanga wakaweka desturi. Mmoja akae juu ya mgunga, atazame anga. Akitokea ndege, walio chini wanauliza, "Mlinzi, nani huyo?" Mlinzi anataja jina. Kama ni ndege mwema, wote wanaitika, "Apite!" Kama ni ndege mbaya, wote wanaitika, "Kichakani!" Na hapo hakuna kuagana, ni miguu tu, tifu tifu tifu, mpaka ndani ya miiba. Leo nyinyi ndio kanga wangu. Nikiwatazama, itikeni.

Mlinzi alikuwa nani? Alikuwa Hondohondo. Nguo nyeusi yenye madoa meupe, mdomo mwekundu uliopinda, mrefu kuliko haja yake. Kazi hiyo aliipata kwa sababu hata bila kazi angekaa hapo hapo. Mke wake alikuwa ndani ya mti ule.

Ndani ya mti, ndiyo. Mnashangaa nini? Mahondohondo ndivyo walivyo. Mke akitaka kutaga anaingia katika tundu la mti, kisha mlango unazibwa kwa tope. Unabaki mwanya mwembamba. Humo anataga, humo anaatamia, na mume anamlisha kupitia mwanyani. Shika panzi huyu. Shika funza huyu. Basi Bi Hondohondo alikuwa humo, mwili wote ndani, mdomo peke yake nje. Na mdomo huo haukuwa na likizo.

Hondohondo alikuwa mtu wa kujisikia. Kila asubuhi alitangaza kutoka juu ya mti:

"Msiwe na wasiwasi! Mimi ndege namjua kwa vazi lake! Koti jeusi na kifua cheupe, huyo Kunguru. Kanzu nyeupe tupu, huyo Yangeyange, anawafuata ng'ombe, hana shida na mtu. Joho la kahawia na mkia uliochanika katikati, huyo ndiye Mwewe. Nani atanipita mimi?"

Sasa Mwewe alikuwa kwenye mti mkavu, jirani kabisa, anasikia kila neno. Hakuna hata jambo moja alilofichwa. Akatikisa kichwa, akasema moyoni, "Asante sana, Bwana Mlinzi."

Akaenda kwenye kinamasi, mahali penye udongo mweupe. Akagaagaa, garagara garagara, akatoka mweupe mpaka kwenye kucha. Akajitazama majini.

"Mashallah," akasema. "Huyu ni yangeyange wa harusini."

Akapanda angani. Huyo anakuja. Kanga wakainua vichwa.

"Mlinzi, nani huyo?"

Hondohondo akanyoosha shingo. "Kanzu nyeupe! Huyo ni..."

"Subiri, baba watoto," mkewe akamkatiza kutoka mwanyani. "Amepita hapa kwangu. Huyo hapigi mabawa."

"Hapigi nini?"

"Mabawa! Yangeyange hupiga mabawa polepole, hakomi, fwaa, fwaa, fwaa, kama mtu anayepepea jiko. Huyu ameyatandaza tu. Anaelea, na mkia anaupinda huku na huku."

"Mke wangu, wewe umo shimoni. Rangi yake umeiona?"

"Rangi sikuiona. Jua lilikuwa nyuma yake."

"Basi kula panzi wako unyamaze." Akapaza sauti, "Yangeyange!"

Na kanga wote wakaitika... Mbona mnanitazama? Itikeni!

— Apite!

Akapita. Akapita chini. Akapita chini zaidi. Vuuuu! Chwi!

Kifaranga mmoja akaenda naye.

Hapo sicheki, na nyinyi msicheke. Bi Kanga alimkimbilia kwa miguu, maana hiyo ndiyo njia aliyoizoea, akaita na kuita mpaka sauti ikakauka. Mwewe alikuwa ameshakuwa doa dogo kule mbali. Bi Kanga akarudi, akawakusanya waliobaki chini ya mabawa yake, akawa anawagusa mmoja mmoja kwa mdomo. Siku ile hakuna kanga aliyekula.

Kisha akaja chini ya mgunga.

"Bwana Mlinzi, nilikukabidhi wanangu."

"Bi Kanga, alivaa kanzu nyeupe!"

"Mwanangu hakuliwa na kanzu," Bi Kanga akasema. "Aliliwa na Mwewe. Akichukuliwa mwingine, sijui nitaishije."

Hondohondo akauinamisha mdomo ule mrefu. Alikuwa na majivuno lakini hakuwa na roho mbaya. Aliona haya mpaka manyoya yakamlala. Na mkewe je, alimhurumia? Thubutu!

"Nilikuambia! Sikukuambia? Nilikuambia!"

"Uliniambia," Hondohondo akasema kwa sauti ndogo. "Niambie tena. Wewe ulijuaje?"

"Nimefungiwa humu tangu mvua za kwanza. Rangi za watu nazionea wapi? Ndege anakatiza kwenye mwanya, mara ameshapita. Ninachoambulia ni jinsi anavyokwenda. Basi nimewajua hivyo hivyo. Haya, tazama mbali, wakati ndege bado ni doa, usitazame nguo. Yule?"

"Mweusi..."

"Sikukuuliza rangi!"

"Anapiga mabawa. Fwa, fwa, fwa. Ananyoosha njia, hapindi."

"Kama anapiga kasia?"

"Kama anapiga kasia."

"Kunguru huyo. Na yule?"

"Pata-pata-pata-pata! Kama amechelewa mazishini."

"Njiwa. Na wale wadogo?"

"Sui! Sui! Mke wangu, hawa hawana njia. Huyu amekata kona, yule amerudi alikotoka. Kizunguzungu!"

"Mbayuwayu hao, wanafuata wadudu. Na yule mkubwa?"

"Shingo ameinyoosha mbele, miguu ameinyoosha nyuma. Kama mtu aliyelala kwenye kitanda kifupi."

"Korongo. Na Mwewe?"

Hondohondo akakumbuka siku ile. "Kimya. Mabawa ameyatandaza. Anazunguka, anazunguka, mkia unapinda huku na huku. Hana haraka."

"Umejua," mkewe akasema. "Sasa niletee chakula, sauti imeniisha." Uongo. Haikumwisha.

Haya. Mwewe akarudi. Safari hii alikwenda penye nyasi zilizoungua, akajipaka masizi, akawa mweusi kama sufuria la shughuli. Kifuani akatia udongo mweupe. Kunguru kabisa! Huyo anakuja.

"Mlinzi, nani huyo?"

"Koti jeusi, kifua cheupe! Huyo ni Ku..."

Kutoka mwanyani kikasikika kikohozi. Khm!

Hondohondo akajizuia. Akaacha koti, akatazama mabawa. Kunguru gani haendi kokote? Kunguru gani anazunguka pale pale, kimya, mkia unapinda?

"Mwewe! Mwewe huyo!"

Semeni!

— Kichakani!

Tifu tifu tifu! Mwewe akashuka, vuuuu, akafumba makucha, akaambulia vumbi na mwiba mmoja. Akaondoka anachechemea angani, kama jambo hilo linawezekana. Kanga wakapiga vigelegele, na kichwa cha Hondohondo kikavimba tena. Akaanza kuwafundisha hata vifaranga. "Vazi si kitu, wanangu. Mimi siku zote nimesema hivyo." Mkewe alisikia, akanyamaza. Ni mara ya kwanza, msidhani itarudi.

Mwewe akakaa kwenye mti wake mkavu, tumbo linanguruma. Akawaza. Nyeupe imeshajulikana. Nyeusi kaitambua. Nivae nini ambacho Hondohondo hatanitilia shaka? Akamtazama Hondohondo pale juu, anajichana manyoya, anajipenda. Mwewe akacheka peke yake.

Akajipaka masizi. Juu ya masizi akadondosha madoa meupe ya udongo. Akaokota ganda la ukwaju lililopinda, akalipaka udongo mwekundu, akalifunga mdomoni kwa jani la unyasi. Haya niambieni, huyo ni nani?

— Hondohondo!

Na huyo hondohondo anakuja. Anaelea juu ya bonde, taratibu, mabawa wazi.

"Mlinzi, nani huyo?"

Hondohondo akatazama. Akatazama tena. Moyo ukamlainika.

"Loo! Ni ndugu yangu! Tazameni madoa! Tazameni mdomo! Na tazameni alivyo angani, hatikisiki, anateleza tu. Mnaona, eh? Sisi ndivyo turukavyo!"

"Baba watoto," mkewe akaita.

"Naam."

"Huyo si hondohondo."

"Ah! Sasa unawakataa hata shemeji zako?"

"Wewe hujawahi kuteleza hivyo."

"Mimi?"

"Wewe. Wewe ukiruka unapiga mabawa papapapa, kisha unayafunga, unaporomoka. Unashtuka, papapapa, unapanda. Unaporomoka tena. Baba yako vile vile, na mimi vile vile. Hivyo ndivyo turukavyo."

Hondohondo akahisi kama amemwagiwa maji. Maisha yake yote ameruka, na hakuna siku aliyojitazama. Yeye akilini mwake alikuwa anateleza. Alitamani mkewe awe mwongo. Alitamani sana.

"Mlinzi!" kanga wakaita. "Nani huyo?"

Akatazama huku na huku.

"Mlinzi! Tukae au tukimbie?"

Bonde zima linamtazama. Kanga wanamtazama, njiwa wanamtazama, yangeyange nao wamesimama juu ya ng'ombe wanamtazama. Aseme vipi, mbele ya watu wote hao, kwamba yule hawezi kuwa hondohondo kwa sababu anaruka vizuri? Na yule anazidi kushuka. Chini kabisa, peke yake mbali na mama, kuna kifaranga mdogo anafukuzana na mdudu.

Hondohondo akamwona yule kifaranga. Akaliachia tawi.

Papapapa! Akapanda. Akafunga mabawa. Ardhi ikamjia mbio. Papapapa! Akapanda tena. Akaporomoka tena.

"Ni kweli!" akapiga kelele huko huko angani. "Ni kweli jamani! Nitazameni mimi! Mnaniona ninavyoporomoka? Hondohondo huporomoka! Yule hajaporomoka hata mara moja! Yule anaruka vizuri mno! Ni Mwewe!"

Kwa nguvu!

— Kichakani!

Tifu tifu tifu tifu! Wote wakaingia miibani, isipokuwa yule mdogo. Mwewe alikwisha kukunja mabawa, vuuuu, makucha yamefunguka. Hondohondo naye akapiga mabawa kumwendea. Papapapa! Papapapa! Mabawa yakachoka kama kawaida. Akaporomoka kama kawaida. Lakini safari hii aliporomokea juu ya mgongo wa Mwewe. Pu!

Wakabiringika mavumbini. Ganda la ukwaju likapinda likamziba Mwewe jicho moja. Akataka kupiga ukelele, mdomo umefungwa kwa unyasi. "Mmmm! Mmmm!" Bi Kanga akatoka kichakani na dada zake, na mkiwaona kanga wenye hasira msiulize sababu, ondokeni. Walimdonoa mpaka masizi yakatoka, udongo ukatoka, na joho la kahawia likaonekana limejaa matundu. Akaondoka mbio, ukwaju mdomoni, na bonde lile hajalitamani tena.

Kifaranga mdogo alikuwa bado anamtafuta mdudu wake.

Bi Kanga akamshika chini ya bawa, akalia, akacheka, akalia. Akamgeukia Hondohondo aliyekaa chini, amejaa vumbi, mdomo umechubuka, anawatazama watu kwa kuibia. Alikuwa anangojea wamcheke. Kweli walimcheka! Njiwa walicheka mpaka wakashikana. Lakini Bi Kanga alisogea, akamwondolea majani kichwani, moja moja, kama anavyowafanyia wanawe.

Hondohondo akajikung'uta. Mkewe alikuwa hajala tangu asubuhi, na hilo halikuwa siri, bonde zima lilikuwa linamsikia. Akaondoka kwenda kutafuta panzi ng'ambo ya kinamasi. Alikaa sana huko. Jua lilipoanza kushuka, mbali kabisa, likatokea doa. Halina rangi, halina mdomo, halina madoa. Linapanda, linaporomoka. Linapanda, linaporomoka.

Mgunga ulikuwa hauna mlinzi, hapakuwa na wa kuulizwa. Yule kifaranga mdogo akainua kichwa, akatazama, akasema, "Ni yeye!" Na vifaranga wote, badala ya kukimbilia miibani, wakatoka mbio kumpokea. Hondohondo akawaona kutoka juu. Akafurahi mpaka akasahau kupiga mabawa, na mnajua kilichofuata.

Basi funzo lenyewe ni hili, sikieni wadogo, sikieni na wakubwa. Mtu usimjue kwa nguo yake. Mtazame anavyokwenda, maana nguo anaibadilisha, mwendo haubadilishi. Na wewe mwenyewe mwendo wako huuoni. Muulize mtu wa nyumbani kwako, naye akikuambia, usinune.

Hadithi yangu imetua hapo, imekunja mabawa. Anayetaka kuinuka na ainuke, lakini ajue tunamtazama anavyotembea.