Mkongojo wa Mwinshehe

"Msuguo hulainisha, mkandamizo huunganisha." Mmeisikia kwa mafundi mkaidaka juu juu, kama kawaida yenu. Basi tulieni. Methali hii ilianzia kwenye mkongojo.

Kibwana alikuwa mkereza vyuma wa Morogoro, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Kaka yake, Mwinshehe, ndiye aliyemfundisha kazi kabla hajapoteza mguu. Sasa Mwinshehe alikuwa anamwoza Mwanaidi, mwanawe wa pekee, na haja yake ilikuwa moja tu: avuke ua mwenyewe, bila kushikwa mkono, hadi jamvini alipo shehe. Kibwana akaahidi kumtengenezea mkongojo mwepesi wa alumini.

Hakupata fimbo ndefu, akaamua kuunga vipande viwili. Kazi hiyo haihitaji moto. Kipande kimoja huzungushwa na mashine, kingine husukumwa dhidi yake, visuguane hadi ncha zilainike. Hapo mashine husimamishwa, na papo hapo vipande hukandamizwa kwa nguvu. Lakini vikikandamizwa hufupika kidogo, na Kibwana alikwisha kupima kimo cha kaka yake, vipande vikatosha barabara, bila ziada ya kufupika.

Mwinshehe alikuja kutazama. Aliuona mkono wa mdogo wake ukisita.

"Kandamiza hasa, mdogo wangu. Hata ukifupika si neno, nitainama."

"Sitaki uiname mbele ya wakwe, kaka."

Akaongeza muda wa kusugua, akidhani joto jingi litafidia, kisha akakandamiza kidogo tu. Alumini ikafura pande zote za kiungo, ikang'aa kama pete. Kila aliyeiona alisifu. Mwinshehe hakusifu, ila hakuwa na moyo wa kumkatisha tamaa.

Siku ya harusi, katikati ya ua, mkongojo ukakatika. Masikini Mwinshehe! Walimbeba hadi jamvini, akamwozesha bintiye kanzu imejaa vumbi. Kibwana aliokota vipande, akapapasa palipokatika. Palikuwa laini kama kioo, bila meno ya kuvunjika. Kumbe vilikuwa vimegusana tu, havikushikana.

Alitengeneza mwingine, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Ulitoka mfupi. Mwinshehe aliutembelea akiinama mpaka alipofariki, wala haukukatika. Lakini kuozesha mwana wa pekee hakuna mara ya pili, na Kibwana aliujutia upole wake hadi uzeeni.

Ndiyo maana kila fundi mpya alipochelea kukandamiza, Kibwana alimshika mkono, akamwambia taratibu: "Msuguo hulainisha, mkandamizo huunganisha."