Sikudhani na Kikombe cha Mzee Shemboza

Mzee Shemboza, tajiri wa nyumba ya wageni kule Lushoto, aliwapa wauzaji waliomjia sharti moja: "Sema mpaka nimalize chai hii. Nikimaliza, mlango ule pale." Wengi walibwabwaja bei kabla hata hawajakaa, naye akakigugumia kikombe kwa mafunda matatu na kuwatimua.

Siku moja alasiri akaja muuzaji mwingine, Sikudhani, na kikapu chake. Akaamkia, akangoja aonyeshwe kiti.

"Haya, sema," mzee akaamuru, kikombe mdomoni.

"Niseme nini mbele yako, mzee? Nasikia ulianza biashara na mandazi."

Mzee akakishusha kikombe. "Nani kakudanganya? Nilianza na karanga." Akasimulia karanga, akasimulia kesi ya shamba, akasimulia habari za wake zake wote watatu. Sikudhani akaitikia tu, "Ehe." Mwishowe mzee akapiga funda, akatema. "Imepoa kama maji ya mtungi."

Sikudhani akatoa chupa ya chai kikapuni, akammiminia chai nyingine. Mzee akanywa, ikamuunguza ulimi.

"Umeichemsha wapi hii?"

"Nyumbani, alfajiri."

Mzee akaikodolea macho ile chupa. "Mbona hujaniambia unauza nini?"

"Hukunipa nafasi, mzee. Vyumba vyako ni vingapi?"